Koti la Mwindaji Mahali Pake ni Begini

Ukiingia duka la vifaa vya uwindaji hapa Minnesota mwishoni mwa Oktoba, koti la manyoya ya bata utalikuta limetundikwa mbele kabisa, na kwenye lebo yake pana namba iliyochapwa kwa tarakimu kubwa: 650, 800, wakati mwingine 900. Muuzaji ataanza na namba hiyo kabla hajakuuliza unawinda nini, wapi, wala mwezi gani. Nina ugomvi na namba ile. Si ya uongo. Ila inajibu swali ambalo mwindaji hakuuliza, na inamfanya atoe dola 300 au 400 kwa kitu alichopaswa kukinunua mwisho.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi wenzetu wengi wanaingia porini. Mkenya aliyezaliwa baada ya 1977, mwaka ambao serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, amekua bila kumwona jirani akienda kuwinda kwa kibali. Anafika mji wa Brooklyn Park, hapahapa Minnesota, anapata kazi kiwandani au kwenye nyumba ya wazee, na Novemba inapoingia anashangaa wenzake wa zamu wanaomba ruhusa wiki moja, wote kwa sababu moja. Kibali cha kulungu kinauzwa mpaka kwenye kituo cha mafuta. Aliyezaliwa 1980 au baadaye anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa bunduki, basi anasoma, anafaulu, mwenzake wa kazini anamwalika. Hapo ndipo anapompigia simu kaka aliyetangulia kufika: "Kaka, ninunue koti gani?" Na kaka, ambaye koti lake ni la kusubiria basi, anamjibu: "Chukua zito kuliko yote, mdogo wangu, usije ukafa."

Kaka ana huruma, lakini jibu lake linamponza mdogo wake.

Kulungu wa huku, yule mwenye mkia mweupe, huwindwa zaidi kwa kukaa. Mtu anatoka kwenye gari gizani, anatembea nusu saa juu ya theluji na majani makavu, bunduki begani na begi mgongoni, kisha anapanda dungu lililofungwa mtini. Ni dungu kama lile la kuamia ndege shambani kwetu, ila huyu wa huku hapigi kelele wala hatupi teo; hata kukohoa anakohoa ndani ya kiwiko. Akishapanda anakaa saa tatu au nne. Sheria inamruhusu kupiga risasi kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, na dakika za alfajiri ndizo zenye baridi kali, tena ndizo ambazo kulungu hutembea sana.

Mwili wa mtu aliyekaa tu hutoa joto la wati 100 hivi. Mtu huyohuyo akipanda kilima na mzigo mgongoni hutoa mara nne au tano ya hapo. Kwa hesabu ya joto, basi, anayetembea na anayekaa ni watu wawili tofauti, na koti la kumfaa huyu litamtesa yule.

Mtazame aliyelivaa koti la manyoya tangu garini. Dakika ya kumi shingo imeanza kulowa. Kisha mgongo, pale begi linapogusa, halafu kiunoni mkanda wa suruali unapobana. Anafika kwenye dungu akiwa na joto zuri na anamshukuru kaka moyoni. Nusu saa baadaye lile jasho limepoa, fulana imegandana na ngozi, na manyoya ya mgongoni yaliyofyonza mvuke wake yameanza kushikana madonge. Anatingisha miguu. Anatazama saa. Saa tatu asubuhi ameshateremka na yuko ndani ya gari, hita imewashwa, anakula chapati alizofungiwa nyumbani, na kulungu anapita zake.

Dawa yake haina gharama: ondoka garini ukiwa unasikia baridi kidogo. Vaa fulana ya sufu karibu na ngozi, juu yake sweta jepesi, kisha koti jembamba la kuzuia upepo, basi. Fulana ya pamba iache nyumbani, kwa kuwa pamba ikilowa haikauki upesi na inakunyang'anya joto. Koti la manyoya liwe begini. Ukishafika juu, usikimbilie kulivaa. Kaa kwanza mpaka pumzi itulie na mvuke uishe kutoka kifuani, badilisha fulana ikiwa imelowa, ndipo ulitoe. Hapo koti la manyoya linaonyesha kazi yake. Hakuna kitu kingine madukani chenye joto kama lake kwa uzito na udogo wake. Linakunjika likawa saizi ya mkate, na ukilitoa linaumuka upya.

Kutokana na hilo, koti la mwindaji lazima liwe kubwa kuliko saizi yake ya mjini. Linavaliwa juu ya kila kitu, koti la upepo likiwemo. Likimbana kifuani manyoya yatakandamizwa, na manyoya yaliyokandamizwa hayana faida. Joto haliko ndani ya manyoya. Liko kwenye hewa iliyonaswa katikati yake, hewa isiyopata njia ya kutembea, na ukiibana hewa hiyo ikatoka unabaki na kitambaa cha bei ghali.

Sasa ile namba. Wataalamu huchukua wakia moja ya manyoya, gramu 28 hivi, wakayatia kwenye chombo cha mduara, wakayaachia yaumuke chini ya uzito mdogo, halafu wakapima yamejaza inchi ngapi za ujazo. Yakijaza 800, ndiyo hayo ya 800. Kwa hiyo namba inapima ubora wa manyoya, lakini haisemi yametiwa kiasi gani. Chukua koti la 850 lenye gramu 85 za manyoya na jingine la 600 lenye gramu 170. La kwanza lina hewa iliyonaswa ya lita 42 hivi. La pili, la bei nafuu, lina lita 59. Hilo la pili ni zito zaidi na halikunjiki likawa dogo, lakini kwenye dungu, alfajiri, ndilo ningelichagua mimi. Uzito wa manyoya yaliyomo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo ndani ya lebo, au hauandikwi kabisa. Muulize muuzaji. Akishindwa kukujibu, libonyeze koti kwa viganja viwili uone unene wake kifuani, mabegani na kwenye mikono, maana kuna wajanja wanaojaza kifua na kuiacha mikono mitupu.

Angalia pia mshono. Koti ambalo kitambaa cha nje na cha ndani vimeshonwa pamoja moja kwa moja lina mistari isiyo na manyoya, na upepo unaijua mistari hiyo vizuri. Yale ya baridi kali hutengenezewa vyumba vyenye kuta za kitambaa ndani, ili pasiwe na mahali penye unene sifuri. Ni ghali zaidi, na kwa baridi ya Desemba bei hiyo ina maana yake.

Maduka ya huku hupenda kusimulia habari za Eddie Bauer, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo wa Seattle, ambaye kabla ya makoti alikuwa akitengeneza vinyoya vya mchezo wa badminton. Katikati ya miaka ya 1930 alikwenda kuvua samaki wakati wa baridi, akapata samaki wengi, akaanza kupanda kutoka bondeni na mzigo wake. Joto lilimzidi akavua koti la sufu. Jasho likaganda mgongoni, usingizi ule mbaya wa baridi ukaanza kumchukua, na nusura afe. Mwaka 1936 alitoa jaketi alilolipa jina la Skyliner, lililojazwa manyoya ya bata bukini na kushonwa kwa mistari, na mwaka 1940 akapewa hataza yake. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya kuzaliwa kwa koti. Mimi nikikisoma naona hadithi ya jasho. Angekuwa amelivaa Skyliner kwenye mteremko ule na mzigo ule, angelowa zaidi.

Na mwaka huohuo wa 1940 ndio uliowapa wawindaji wa Minnesota somo ambalo wazee wanalitaja mpaka leo. Tarehe 11 Novemba ilikuwa sikukuu ya kukumbuka mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Asubuhi ilikuwa na joto lisilo la kawaida kwa mwezi ule, na watu walikwenda kuwinda bata kwenye visiwa na vinamasi vya mto Mississippi wakiwa na majaketi mepesi. Bata walikuwa wengi mno, wakiruka chini chini kwa makundi. Wenyewe walikuwa wanaikimbia dhoruba. Mchana upepo uligeuka. Ilianza mvua, ikawa barafu, kisha theluji, na halijoto ikaporomoka kwa saa chache tu. Mawimbi ya mto yakazamisha mitumbwi, na waliokuwa visiwani wakalala hukohuko wakiwa wamelowa. Minneapolis ilipata theluji ya sentimita 42. Rubani mmoja wa mji wa Winona, Max Conrad, alirusha ndege ndogo katika upepo uleule akiwatafuta walionasa na kuwadondoshea chakula na viberiti. Minnesota peke yake ilipoteza watu 49, karibu nusu yao wawindaji wa bata.

Watu wakisikia kisa hicho husema: ona, wangekuwa na makoti mazuri. Mimi sidhani koti la manyoya lingewaokoa wengi wao. Waliuawa na maji kabla ya kuuawa na baridi, na maji ndiyo adui mkubwa wa manyoya ya bata. Bata mwenyewe ana mafuta juu ya manyoya ya nje yanayozuia maji. Yale laini ya chini, ambayo ndiyo tunayoyatia kwenye makoti, hayana ngao yao tena. Yakilowa hunywea, hushikana, na hukaa siku nzima bila kukauka. Siku hizi kuna manyoya yaliyotiwa dawa ya kukataa maji. Yanasaidia kwa unyevu wa ukungu na theluji inayoyeyukia begani. Ukitumbukia mtoni hayatakusaidia, na anayeyauza kama kwamba yatakusaidia anafanya makosa makubwa.

Kwa hiyo kwa bata wa Oktoba, na hata kwa kulungu wa siku za ufunguzi mwanzoni mwa Novemba, mimi natetea koti la nyuzi za poliesta. Jeshi la Marekani ndilo lililotafuta nyuzi hizo miaka ya 1980, likitaka kitu cha kushika nafasi ya manyoya kwa askari anayelala kwenye matope, na PrimaLoft ilizaliwa kutokana na mahitaji hayo. Ni nzito kidogo, haikunjiki vizuri, na baada ya miaka michache ya kukunjwa na kukunjuliwa huanza kulala. Lakini ikilowa bado ina joto, na inakauka mwilini. Baridi ya sifuri yenye mvua ya theluji inachosha mwili kuliko nyuzi kumi chini ya sifuri zenye anga kavu. Aliyewahi kusimama Minneapolis wiki ya kwanza ya Novemba anajua ninachosema.

Manyoya ya bata yana msimu wake, nao ni ule wa mwisho. Mwishoni mwa Novemba huanza wiki za bunduki za gobori, zinazofika katikati ya Desemba, na wenye pinde wanaendelea mpaka tarehe 31. Huko kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada, halijoto inafika nyuzi 20 chini ya sifuri, na theluji ni unga mkavu unaopukutika nguoni bila kuacha tone. Hapo hapana kitu kinachoyashinda manyoya. Ndiyo maana ni kichekesho kumwona mtu anayewinda siku mbili tu za ufunguzi amevaa koti la kupandia milima mirefu, huku mwenye gobori wa Desemba akitetemeka ndani ya sweta mbili.

Kelele sasa. Hili halimo kwenye lebo, na kwa mwindaji ni zito kuliko joto. Vitambaa vyepesi vinavyobeba manyoya ni nailoni nyembamba iliyofumwa kwa kubana, ili unyoya usipenye, na nailoni hiyo inalia. Mjini hutaisikia. Porini, alfajiri isiyo na upepo, mkono mmoja ukipita ubavuni unasikika mbali, na kulungu ana masikio yanayogeuka kila moja upande wake. Dukani livae koti, fumba macho, inua mikono kama unayeinua bunduki mpaka begani, kisha geuza kichwa ndani ya kofia ya koti. Ukijisikia, kulungu atakuwa amekusikia zamani. Kuna makoti yenye kitambaa cha nje kilichosuguliwa kikawa na vinyweleo, laini na kimya, ila ni mazito na yanashika maji. Njia nyingine ni kulivaa koti jepesi la manyoya ndani, na juu yake koti kuukuu la sufu lililo pana, ambalo halipigi kelele na linapatikana kwenye maduka ya nguo za mitumba kwa bei ya mlo mmoja. Mimi napenda hii ya pili, kwanza kwa ubahili, na pili kwa sababu sufu haiogopi cheche za moto. Cheche moja ya kambini inatoboa nailoni, na manyoya yanaanza kutoka moja moja.

Kuhusu rangi nitasema kidogo. Wakati wa msimu wa bunduki Minnesota inamtaka mwindaji avae rangi ya chungwa inayong'aa, au waridi inayong'aa, kichwani na sehemu yote ya juu ya kiuno isipokuwa mikono. Kwa hiyo mchoro wa majani na magamba ya miti uliolipia pesa ya ziada utafunikwa na kizibao cha dola 10. Kulungu haoni chungwa kama sisi, kwa sababu macho yake hayana chembe za kutambua rangi nyekundu; kwake ni kitu cha rangi iliyofifia. Bluu ndiyo anayoiona vizuri, kwa hiyo koti la bluu liache nyumbani hata kama limepunguzwa bei. Na kizibao chenyewe kinunue kipana. Nimeona watu waliovaa koti zuri la manyoya halafu wakafunga juu yake kizibao cha saizi ya mtoto, lote likalala kifuani. Vivyo hivyo mkanda wa usalama wa kwenye dungu: uende nao dukani, ulijaribu koti pamoja nao, usije ukaanza kuhangaika nao gizani ukiwa juu ya mti.

Nikiyafikiria haya yote nawakumbuka Inuit wa Aktiki, ambao uwindaji wa kukaa wanaujua kuliko mtu yeyote. Mwindaji wao husimama au kukaa juu ya barafu kando ya tundu la kupumulia la sili, kimya, kwa saa nyingi, akisubiri pumzi moja. Nguo yake ya jadi ni ngozi za mnyama aitwaye caribou, ambaye unywele wake una uwazi wenye hewa ndani, na huvaliwa mbili: ya ndani manyoya yakielekea mwilini, ya nje yakielekea upepo. Ni pana, inaingiza hewa chini na kuitoa shingoni, kwa hiyo mwenye kutembea hupunguza joto kwa kulegeza shingo tu. Jambo la jasho, upana na hewa walilimaliza bila lebo wala namba.

Tukirudi dukani, manyoya karibu yote yanayouzwa ni mabaki ya biashara ya nyama ya bata na bata bukini, mengi kutoka China. Kumekuwa na malalamiko ya ndege kunyonyolewa wakiwa hai, na tangu 2014 kuna alama ya Responsible Down Standard kwa makampuni yanayokubali kukaguliwa. Itafute kwenye lebo. Kati ya bata na bata bukini, wenye namba moja ya kuumuka, mwindaji hataona tofauti yoyote isipokuwa kwenye bei.

Na koti likishakuwa lako, usilihifadhi limekunjwa begini mwaka mzima, litundike. Likichafuka lifue kwa sabuni ya manyoya, ulikaushe kwa mashine kwa moto mdogo, ukitia ndani mipira miwili ya tenisi ya kuyapiga yasishikane, na uwe na subira maana linachukua saa nyingi. Likikuchosha kabla halijachakaa, kuna wenye shida nalo. Mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, na baridi ya juu kule haina huruma kwa anayebeba mizigo ya wengine.

Lakini yule mdogo wetu aliyepiga simu bado anasubiri jibu. Ningemwambia aanze na buti pana zinazoingia soksi nene bila kubana, kwa kuwa vidole vya miguu ndivyo vinavyowateremsha watu kwenye dungu kabla ya kifua. Kisha glavu za vidole vitatu, fulana mbili za sufu ili awe na ya kubadilisha, na kikalio cha sponji cha dola chache, maana baridi ya ubao wa dungu hupanda kwa njia ya makalio na hakuna koti linaloizuia. Akiwa anakwenda siku mbili za ufunguzi tu, amwombe mwenzake wa kazini amwazime koti la poliesta. Karibu kila mwindaji wa huku ana la zamani kabatini. Akiona uwindaji umemwingia, anataka kurudi Desemba na gobori, ndipo anunue la manyoya: saizi moja zaidi, lenye kofia, namba 600 au 700 na gramu nyingi. Tena asilinunue Oktoba. Januari na Februari maduka huondoa mzigo wa majira ya baridi, na koti lilelile lililokuwa limetundikwa mlangoni analikuta nyuma kabisa, karibu na choo, bei imepunguzwa.